Huyu ni wa Nani? Uhakiki wa Masimulizi ya Kiungani na Jina “Mnyasa”

Kitabu cha Kiungani, kilichochapishwa London mwaka 1887, kinakusanya masimulizi ya vijana wa shule za Misheni ya Vyuo Vikuu huko Zanzibar, wengi wao wakiwa wametolewa utumwani. Waliandika kwa Kiswahili; msomaji anapewa Kiingereza cha A. C. Madan. Kwa kuwa Madan ndiye aliyetunga baadaye kamusi za 1894 na 1903, kukosekana kwa maneno yao ya awali hakutokani na upungufu wa ujuzi, bali ni uamuzi wa kiuhariri.

Uamuzi huo unamgusa mtafiti wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa. Zanzibar ya wakati ule iliwaita “Wanyasa” mateka wa makabila mbalimbali ya pande za ziwa. Kwao, mateka huyo aliweza kuwa wa Wamatengo wa milimani, au wa Wamanda na Wampoto wa ufukweni. Mtu wa ukoo, mwenye ndugu wa kumdai. Jina la ubatizo likawa pazia la pili, na tafsiri la tatu.

Kwa hiyo haitoshi kuyasoma masimulizi haya kama safari ya kutoka utumwani kwenda ubatizoni. Swali la uhakiki ni lile la kijijini: huyu ni wa nani? Nani alimweka mtoto rehani, nani alitarajiwa kumkomboa, nani hakufika?

Misheni hiyohiyo iliweka makao Likoma mwaka 1885, ikafika hadi Liuli. Daftari za ubatizo za mwambao huo zisomwe kwa swali hilohilo. Pale jina la baba linapokosekana, ukimya huo usihesabiwe kuwa uzembe wa karani tu. Huenda ndiyo alama pekee ya utumwa iliyobaki.