Calanques: Safari Inayoamuliwa Jioni ya Kuamkia

Anayepanga safari ya ufukweni Unguja au Lamu huanza na jedwali la maji. Huuliza bamvua ni lini, maji mafu ni lini, na saa ngapi bahari itakuwa imekupwa hadi mwambani. Kwenye pwani ya Calanques, kusini mwa Ufaransa kati ya Marseille, Cassis na La Ciotat, jedwali hilo halina kazi. Bahari ya Mediterania hapo hupanda na kushuka kiasi cha shibiri moja tu, ilhali kwetu tofauti ya maji wakati wa bamvua hukaribia mita 4. Kinachotawala kule ni upepo na moto, na vyote viwili havina kalenda. Ndiyo maana ratiba nyingi za pwani ile huvunjika: mtu amefunga kila siku na mahali pake miezi mitatu kabla, kisha anafika na kukuta njia imefungwa, au maji ya baridi kiasi cha kutoogeleka.

Ninachotetea hapa ni mpango wa namna nyingine. Malazi yafungwe mapema, lakini mchana uachwe wazi hadi jioni ya kuamkia.

Tuanze na umbo la nchi, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini kilomita tatu za pale zinachosha kuliko kumi za barabarani. Majabali ya Calanques ni ya mawe ya chokaa. Mito ya kale ilichimba ndani yake mabonde marefu, membamba, yenye kuta za wima. Wakati wa enzi ya barafu, bahari ilikuwa chini kwa zaidi ya mita 100 kuliko leo, na ufuo ulikuwa kilomita kadhaa mbele. Barafu ilipoyeyuka, maji yakapanda na kujaza mabonde, na mahori tunayoyaona sasa ni ncha za juu za mabonde yaliyozama. Kwa hiyo ufuo wa mchanga mrefu hakuna. Mahori mengi yana kipande kidogo tu cha kokoto mwishoni, na kutoka hori moja kwenda la pili ni lazima upande mgongo wa jabali na kuteremka upande wa pili. Kilele cha Mont Puget kina zaidi ya mita 560, na kimesimama karibu kabisa na bahari. Halafu mawe ya chokaa hayashiki maji: mvua hunywea kwenye nyufa, ikapita chini kwa chini na kutokea baharini, kama ilivyo kwa mto wa chini ya ardhi wa Port-Miou. Juu ya ardhi hakuna kijito wala kisima cha kutegemewa na msafiri.

Ukame huo ndio unaolisha moto. Misonobari ya Aleppo na vichaka vyake vina utomvu unaowaka upesi, na wakati wa joto majani hukauka kabisa. Mwaka 1990 moto uliteketeza maelfu ya hekta za majabali haya, na Septemba 2016 ukarudi na kula mamia mengine. Kwa sababu hiyo, kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Septemba, kuingia huko si haki ya kudumu. Ofisi ya serikali ya mkoa hupima ukavu na upepo, kisha kila jioni hutangaza rangi ya hatari ya kesho yake. Rangi ikiwa nyekundu, njia zote za majabalini zimefungwa, na hakuna mjadala. Tangazo hutoka jioni tu, na linahusu siku moja tu. Hakuna wakala wa safari, hoteli wala mwongozaji anayeweza kukuahidi Jumanne ijayo utatembea. Anayeahidi hivyo anakudanganya.

Tena kuna kizuizi cha pili, nacho ni kipya. Calanques ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2012, ikiwa na hekta takriban 8,500 za nchi kavu na 43,500 za bahari. Hori la Sugiton, linalofikika kwa miguu kutoka chuo kikuu cha Luminy ambako basi la mjini linakoma, lilikuwa likipokea hadi watu 2,500 kwa siku katika kilele cha majira ya joto. Nyayo hizo zilikwangua udongo mwembamba ulioshikilia mteremko, mizizi ya misonobari ikabaki nje, na miche mipya haikupata pa kushika. Mwaka 2022 hifadhi ikaamua: watu 400 kwa siku, kwa kujiandikisha, bila malipo. Utaratibu huo hutumika katika kilele cha majira ya joto na wikendi za kando yake, na nafasi hufunguliwa siku chache tu kabla.

Naupenda uamuzi huu, hasa kwa kuwa hawakuweka kiingilio. Kiingilio kingepunguza watu kwa kuwachuja wenye fedha na wasio nazo, na Marseille ni mji wenye vitongoji vya watu wa kipato kidogo ambao bahari hii ndiyo mapumziko yao. Kujiandikisha bure kunampa kijana wa kaskazini ya mji nafasi ileile ya mgeni wa hoteli ya kifahari. Hifadhi ilifanya na jambo jingine ambalo mamlaka chache za utalii zingethubutu. Ilianza kuwaeleza watu mapema kwamba maji yanaweza kuwa ya baridi, kwamba njia ni ngumu, na kwamba utakuta umati. Ilijitangaza kwa ukweli ili wanaokuja wawe wale waliokusudia.

Sasa upepo. Mistral huvuma kutoka kaskazini-magharibi kupitia bonde la mto Rhône, mkavu na wa baridi, na unaweza kupita kilomita 100 kwa saa. Kusi na kaskazi zetu zinafuata majira, na nahodha anazijua miezi kabla. Mistral huja kwa siku, wakati wowote wa mwaka, na huweza kuvuma siku moja au siku kadhaa mfululizo.

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Mahori mengi yanatazama kusini, kwa hiyo mistral unapovuma kutoka nchi kavu, maji ya karibu na ufuo yanaonekana yametulia kabisa. Mtu hufikiri amepata siku njema ya kuogelea. Lakini upepo huo unasukuma maji ya juu, yaliyopashwa na jua, kuelekea bahari kuu, na maji ya kina yanapanda kuchukua nafasi yake. Katikati ya Julai, joto la bahari linaweza kushuka kwa takriban nyuzi 10 ndani ya siku chache. Ukivuma upepo wa kusini-mashariki mambo hugeuka: maji yana joto, lakini mawimbi yanaingia moja kwa moja ndani ya hori na kupasuka kwenye kokoto. Kwa mpangaji, maana yake ni kwamba utabiri wa siku ya leo hautoshi. Soma upepo wa siku mbili zilizopita ndipo uamue kama kesho ni ya kuogelea au ya kutembea.

Kwa msafiri anayetoka Dar es Salaam au Nairobi lipo gumu jingine. Viza ya Schengen inataka ratiba, uthibitisho wa malazi na bima isiyopungua euro 30,000. Maombi yapelekwe si mapema zaidi ya miezi 6 na si chini ya siku 15 kabla ya safari, na ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Yaani ubalozi unakutaka ujue utalala wapi kila usiku, huku majabali yakikataa kukwambia utatembea wapi kila mchana. Wengi hujibu kwa kupanga malazi ya kuhamahama: usiku huu Marseille, kesho Cassis, keshokutwa La Ciotat. Huo ndio mpango mbaya kuliko yote, maana kila kulala kumefungwa na kutembea kwa siku yake.

Jibu lililo bora ni kuchagua makao mamoja, Marseille, kusini mwa katikati ya mji, karibu na kituo cha Castellane au Rond-Point du Prado. Kutoka Castellane basi la B1 linakwenda Luminy. Basi namba 19 linakwenda Madrague de Montredon, na hapo unapanda namba 20 hadi Callelongue, mwisho wa barabara upande wa magharibi. Treni ya kwenda Cassis hutoka kituo cha Saint-Charles na huchukua chini ya nusu saa, ila kituo cha Cassis kiko kama kilomita tatu kutoka bandarini, na lazima uhesabu mwendo huo au basi. Gari la kukodi silipendekezi. Barabara za kushuka kwenye mahori ya Sormiou na Morgiou hufungiwa magari katika majira ya joto, na maegesho ya Cassis hujaa mapema. Kwa makao hayo, ratiba ya viza ni fupi na ya kweli: usiku wote Marseille. Mchana unabaki mikononi mwako.

Mchana wenyewe unapangwa kwa kuandaa matembezi mengi kuliko siku ulizo nazo, kila moja likijulikana linafaa hali gani. Siku tulivu baada ya siku kadhaa bila mistral ni ya mahori ya Cassis: Port-Miou, kisha Port-Pin, kisha En-Vau. Port-Pin ina ufuo wenye kivuli cha misonobari na njia isiyotisha, na mwenye watoto aishie hapo. En-Vau ndiyo inayopigwa picha kuliko zote, kuta nyeupe na maji ya kijani, lakini mteremko wake wa mwisho ni mkali na mawe yamelainishwa na nyayo za miaka mingi hadi yanateleza kama vigae. Siku ya upepo wa wastani ni ya Callelongue kwenda ufuo wa Marseilleveyre, njia ya chini inayofuata bahari. Sugiton ni ya siku uliyopata nafasi. Cap Canaille, genge refu la rangi ya kutu juu ya Cassis, ni kwa siku isiyo na mistral kabisa. Kusimama ukingoni pale upepo ukivuma ni kuchezea roho.

Na siku nyekundu? Hiyo nayo iwekwe kwenye mpango tangu mwanzo, si kama bahati mbaya. Chini ya rasi ya Morgiou kuna pango ambalo mlango wake uko mita 37 chini ya maji. Mzamiaji wa Cassis, Henri Cosquer, aliligundua mwaka 1985 na habari zake zikatangazwa 1991. Ndani mna michoro ya mikono, ya farasi, na ya ndege wa baharini wa aina iliyokwisha kutoweka duniani, mingine ikiwa na umri wa miaka 27,000 hivi. Binadamu waliichora wakiingia kwa miguu, bahari ikiwa bado mbali. Nakala ya pango hilo ilifunguliwa mjini Marseille Juni 2022, kando ya bandari, na hapo ndipo pa kwenda siku nyekundu. Ukitoka hapo, tembea katikati ya mji. Marseille ina jamii kubwa ya Wakomoro, na anayejua Kiswahili atayatambua mengi katika mazungumzo ya Kingazija sokoni na kwenye maduka.

Kuna njia moja ninayoshauri wapenda bahari wasiitembee nzima kwa siku moja, ingawa waandishi wengi wa safari huitukuza. GR 98-51 kutoka Callelongue hadi Cassis ina kilomita takriban 28 na huchukua saa 11 au 12 za kutembea. Kupiga kambi ni marufuku, maji hakuna, na ukitaka kuimaliza siku moja hutapata hata nusu saa ya kuogelea. Ikate Luminy, kwenye basi: magharibi siku moja, mashariki siku nyingine. Hapo unapata njia yote na bahari pia.

Maji ya kunywa: lita 2 kwa mtu ni kima cha chini, na kuanzia Juni lita 3. Viatu vyenye soli inayoshika mwamba. Simu mara nyingi haipati mtandao ndani ya mahori, basi namba ya dharura 112 isiwe tegemeo lako la kwanza. Mwambie mtu wa nyumbani unapita njia ipi.

Mwezi gani? Mei au mwanzo wa Oktoba kwa anayetaka kutembea zaidi. Nusu ya pili ya Juni kwa anayetaka bahari zaidi na yuko tayari kwa siku nyekundu. Julai na Agosti sizishauri. Juni ina zawadi ambayo sisi wa karibu na ikweta hatukuizoea, maana jua la Marseille huchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama baada ya saa tatu usiku. Anza alfajiri, fika ufuoni kabla ya saa nne, kaa kivulini saa za jua kali, kisha panda kurudi saa kumi na mbili jioni ukiwa bado na mwanga mwingi. Wengi hurudi saa tisa alasiri, mwamba ukiwa wa moto, na hapo ndipo watu huishiwa maji.

Mwisho, kama umepata nafasi ya Sugiton na jioni ukaona upepo au mwili haukuruhusu, futa jina lako usiku huohuo. Nafasi ni 400 tu, na kuna mtu mjini humo anayeisubiri.