Jumapili za Bwana Cole

Ziandike mbili sitini na saba, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe moja. Utapata 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, aliitaja namba hii kuwa tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Zaidi ya karne mbili zikapita. Mwaka 1876 Mfaransa mwenzake, Édouard Lucas, akathibitisha kuwa si tasa. Ajabu ni kwamba uthibitisho wake ulionyesha kuwa vigawo vipo bila kukitaja hata kimoja.

Aliyevitafuta hadi akavipata ni Frank Nelson Cole, profesa wa Marekani, na mimi namhesabu miongoni mwa mafundi wakubwa.

Asiye fundi angegawanya kwa 3, kwa 5, kwa 7, akaendelea kupanda. Namba tasa zaidi ya milioni kumi zingemsubiri njiani kabla hajafika kwenye kigawo cha kwanza, na umri wa mtu hautoshi. Fundi huanza kwa kukataa. Anajua kwamba kigawo chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 134, lazima kibakize 1. Kikigawanywa kwa 8, kibakize 1 au 7. Kwa masharti hayo mawili tu, umati mzima wa namba unaondolewa bila kuguswa. Cole akaongeza masharti mengine, aliyoyachota katika mabaki ya namba za mraba, akazidi kubana. Zilizosalia alizikabili kwa kalamu. Uzuri wa kazi hii nauona hapo: akili inaipunguzia subira mzigo, lakini haiiondoi.

Oktoba 1903, kwenye mkutano wa wanahisabati mjini New York, Cole aliyatangaza majibu. Inasimuliwa kwamba alikwenda ubaoni bila kusema neno, akaikokotoa ile namba ya Mersenne, kisha pembeni akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana, ukumbi ukampigia makofi. Alipoulizwa baadaye kazi ilimchukua muda gani, inasemekana alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Leo kompyuta huvipata vigawo hivyo kufumba na kufumbua, na hilo halimpunguzii Cole hata chembe. Jumuiya ya Hisabati ya Marekani bado inatoa tuzo yenye jina lake.

Kinachonivutia zaidi ni uaminifu wa kazi yenyewe. Kutafuta kulimla miaka; kuhakiki kunahitaji nusu saa na hesabu za shule ya msingi. Hakumwomba mtu amwamini kwa cheo chake. Nawe usiniamini mimi: chukua kalamu na karatasi pana, uzizidishe zile namba mbili mwenyewe.