Saa tatu ni saa ngapi katika swali la hisabati?

Juzi mwalimu mmoja wa hisabati aliniletea karatasi ya mazoezi ya kalikulasi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hakuja kuniuliza hesabu, maana anajua mimi ni mtu wa sarufi. Alikuja na ugomvi. Mwanafunzi wake amepata jibu la 0.46, ukurasa wa majibu unasema -0.46, na kijana amekataa katakata kwamba amekosea.

Swali ni hili: akrabu ndefu ya saa ina urefu wa sentimita 8, akrabu fupi sentimita 6. Umbali kati ya ncha zake unabadilika kwa kasi gani saa tatu kamili?

Hebu tulifanye, msomaji, hata kama hesabu uliiacha shuleni. Akrabu ndefu humaliza duara la digrii 360 kwa dakika 60, yaani digrii 6 kila dakika. Ile fupi huchukua saa 12, kwa hivyo husogea nusu digrii tu. Pembe iliyo kati yake basi hubadilika kwa digrii 5.5 kila dakika. Saa tatu kamili pembe hiyo ni digrii 90, na ncha ziko umbali wa sentimita 10. Ukitumia kanuni ya kosaini, ukageuza digrii ziwe radiani, unapata sentimita 0.46 kwa dakika. Kufika hapo wote wanakubaliana.

Mzozo ni huu: umbali huo unaongezeka ama unapungua?

Nilimwomba mwalimu avue saa yake ya mkononi aitegeshe saa tatu. Akaitegesha bila kufikiri mara mbili: ndefu kwenye 12, fupi kwenye 9. Wewe pia ungefanya vivyo hivyo. Nikamwambia asogeze dakika chache mbele. Akrabu ndefu ikaanza kuelekea 1, ikiiacha ile fupi nyuma. Pembe ikapanuka, ncha zikaachana. Jibu ni chanya.

"Kwani kijana alikuwa sawa?" akauliza.

Alikuwa sawa kabisa. Swali la asili, la Kiingereza, lilimaanisha wakati ambao akrabu fupi iko kwenye 3. Hapo akrabu ndefu inaifuata kutoka 12, pembe inapungua, na jibu ni hasi. Lakini wakati huo sisi huuita saa tisa. Mtafsiri alilitafsiri neno "tatu" na kusahau kutafsiri saa.

Kosa hili ni jepesi kupita bila kuonekana kwa sababu namba ni ileile na tofauti ni ishara tu. Lingekuwa swali la saa moja, lingejianika lenyewe. Akrabu fupi ikiwa kwenye 1, umbali unapungua kwa sentimita 0.56 kwa dakika. Ikiwa kwenye 7, ambayo ndiyo saa moja yetu, unaongezeka kwa sentimita 0.17. Saa yetu na ya Waingereza zinapishana kwa saa sita, na saa sita kwa akrabu fupi ni nusu duara. Inatazama upande wa pili kabisa.

Nina kesi ya pili na mtafsiri huyu, nayo ni neno "kasi". Ukiniuliza matatu inakwenda kwa kasi gani, nitakutajia kilomita kwa saa. Sitakwambia kama inakwenda Nakuru ama inatoka huko, maana hukuniuliza. "Kasi" katika Kiswahili cha kila siku haina hasi. Kwa hivyo hata yule aliyesoma saa kwa Kiingereza angeandika 0.46 na kulala usingizi. Kama unataka ishara, uliza ishara.

Halafu kuna kichwa cha zoezi: "Mistari inayozungukana". Hapa nilicheka, nikiri. Kiambishi "-an-" cha kutendana kinatuambia kwamba kila mstari unauzunguka mwenzake, kama wacheza ngoma wawili. Akrabu hazifanyi hivyo. Kila moja inazunguka kwenye ekseli ileile katikati ya saa, kwa mwendo wake. "Mistari inayozunguka" ingetosha.

Najua kuna watakaodaka mfano huu na kusema, si tuliwaambia Kiswahili hakiwezi kalikulasi? Hao nawaomba waiangalie tena saa ya mwalimu. Kijana alilisoma swali kwa Kiswahili, akaifikiria saa kwa Kiswahili, akakokotoa, akapata jibu sahihi la swali aliloulizwa. Aliyeshindwa ni yule aliyeandika kwa Kiswahili huku akitazama saa kwa Kiingereza. Na mhariri wake pia, ikiwa alikuwepo.

Mimi ningeliandika hivi: "Akrabu ndefu ya saa ina urefu wa sentimita 8 na fupi sentimita 6. Saa tisa kamili, umbali kati ya ncha zake unaongezeka ama unapungua, na kwa sentimita ngapi kila dakika?" Mwalimu alilinakili nyuma ya karatasi ileile. Alama mbili za kijana alisema atazirudisha Jumatatu.