Kosa la Mshairi au Kosa la Mnakili?

Utangulizi

Mtahiniwa wa Karatasi ya Tatu akikutana na mshororo uliopungua mizani, huwa na majibu mawili tayari: mshairi ametumia uhuru wake, au amekiuka arudhi. Ni nadra kumsikia akiuliza iwapo mshororo huo ndio ulioandikwa na mshairi. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba swali hilo ni sehemu ya uhakiki, na lina kanuni zake.

Chimbuko la makosa

Kazi inayonakiliwa kwa mkono huingiwa na makosa. Sophocles, mtunzi wa tamthilia tunayoijua kwa Kiswahili kama Mfalme Edipode, alifariki mwaka 406 kabla ya Kristo. Nakala kongwe ya tamthilia zake zote saba iliyotufikia ni ya karne ya 10 baada ya Kristo. Hapo katikati, nakala ilizaa nakala kwa zaidi ya miaka 1,300.

Fasihi yetu haikusalimika. Tendi za Pate na Lamu zilihifadhiwa kwa hati za Kiarabu. Hati hizo, kama zilivyotumiwa zamani, hazikuwa na herufi maalum ya /p/. Irabu /e/ na /i/ zilitumia alama moja, vivyo hivyo /o/ na /u/. Sauti ya ung'ong'o katika mb na nd mara nyingi haikuandikwa. Kwa hiyo neno moja liliweza kusomwa bata, pata au mbata. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa nayo yalikusanywa na W. E. Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, miongo kadhaa baada ya mshairi kufariki. William Hichens aliyachapisha mwaka 1940. Msomaji wa leo hupokea mikono mingi pamoja na ule wa Muyaka.

Kanuni za kusahihisha

Kwanza, nakala zilinganishwe. Mjerumani Karl Lachmann, katika karne ya 19, alisisitiza kuwa nakala zipimwe kwa ukoo wala si kwa wingi. Nakala kumi zilizotokana na moja mbovu ni shahidi mmoja tu. Hapa kwetu, Muhamadi Kijuma wa Lamu (aliyefariki mwaka 1945) aliwanakilia tendi Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann. Mhakiki asihesabu nakala hizo kuwa mashahidi watatu kabla ya kujua zilikotoka.

Pili, umbo litoe ushahidi. Ubeti wa utendi una vipande vinne vya mizani 8, na vitatu vya mwanzo hufanana vina. Jicho la mnakili huruka kutoka kina hadi kina kinachofanana nacho, na kipande kikapotea. Ubeti wenye vipande vitatu katika utendi wa vinne ni dalili ya kwanza.

Tatu, neno gumu lipewe nafasi. Mnakili hubadilisha asilolijua kwa analolijua. Ni vigumu kufanya kinyume. Iwapo nakala moja ina mato na nyingine macho, na vina vinavyozunguka ni -to, basi mato ya Kiamu ndiyo asili.

Nne, tahadhari. Inkisari, mazida na tabdila ni mbinu halali. Anayenyoosha kila upungufu hugeuka mshairi wa pili. Marekebisho yahitaji ushahidi wa maana na wa umbo kwa pamoja.

Darasani

Tutazame mishororo hii niliyoitunga kwa mfano:

Wakulima wa kahawa, wapa nini jamani,
Kila msimu huliwa, na walafu wa mjini.

Utao wa kwanza una mizani 7, ilhali vipande vingine vina 8. Mtahiniwa atasema ni inkisari. Lakini inkisari hufupisha neno bila kuligeuza. Hapa wapa ni kitenzi kingine, nayo maana haikai. Rudisha silabi moja, wapata, na mizani hutimia. Swali pia huwa wazi: mkulima anapata nini? Silabi iliyoachwa na mpiga chapa ilikuwa imebeba lalama yote.

Makosa ya aina hii yamo katika karatasi za majaribio zinazopita kutoka shule hadi shule hapa Thika na Ruiru, zikichapwa upya kila muhula. Madhara yake si madogo. Mwongozo wa kusahihisha husema mizani 16, mwanafunzi amehesabu 15 kwa uaminifu, naye anakosa alama. Mwenzake aliyekariri 16 bila kuhesabu anatuzwa.

Hitimisho

Mwalimu anayetunga mtihani alinganishe shairi na diwani lilikotoka kabla ya kulichapisha. Anayesahihisha amtuze mtahiniwa kwa kilichomo katika karatasi aliyopewa. Mtahiniwa naye asirekebishe shairi la mtihani. Ahesabu, ataje mshororo, aeleze athari ya upungufu huo kwa umbo na maana. Kabla ya kumhukumu mshairi, tuhakikishe kwamba maneno ni yake.