Mashine ya Kuchomelea Imelala

Madaba karibu kila kitu huchomelewa. Geti, kitanda, jembe la ng'ombe, fremu ya baiskeli: fundi anavaa miwani, cheche zinaruka, mteja analipa, basi. Ndiyo maana siku niliyomkuta fundi mmoja kando ya barabara ya Makambako–Songea, amelala chini ya kichwa cha semi huku mashine yake ya kuchomelea iko hatua tatu tu na hajaigusa tangu asubuhi, nilivuta kigoda nikaketi.

Alikuwa anafunga gurudumu la tano. Usifikirie tairi. Ni sahani nzito ya chuma inayokaa mgongoni mwa kichwa cha lori, imekatwa mdomo kwa nyuma, na ndani ya mdomo huo mna taya. Tela nalo lina pini moja chini ya pua yake. Pini nyingi zina unene wa inchi 2, za mizigo mikubwa zaidi inchi 3.5. Kichwa kinarudi nyuma taratibu, pini inaingia mdomoni, taya zinafumba. Lori zima na shehena yake linaweza kufika tani 56, ukomo wa sheria ya Afrika Mashariki, na kinachozuia tela lisibaki njiani ni chuma ambacho kiganja chako kinakizunguka. Jina ni la enzi za magari ya farasi. Magurudumu manne yalikanyaga barabara, na ringi ya tano ililazwa juu ya ekseli ya mbele ili ekseli igeuke. Farasi waliondoka, jina likabaki.

Tela la kuvutwa na gari nalo lina hadithi yake. Mwaka 1914, mhunzi wa Detroit aliyeitwa August Fruehauf alimtengenezea mfanyabiashara wa mbao tela la kubebea mashua, likavutwa na Ford. Mwenye mbao alinogewa, akataka matela ya kubebea mbao zake. Huwa namkumbuka kila mbao za paini za huku kwetu Wino zinapopita.

Nusu ya kwanza ya siku fundi hakukaza hata nati moja. Alikuwa na chaki, futi na uzi. Alivuta uzi kutoka mbele ya chesisi hadi kona ya kulia ya sahani, kisha hadi kona ya kushoto, akalinganisha, akasogeza sahani upana wa ukucha, akapima tena, kama mwashi anayetafuta pembe ya msingi wa nyumba. Sahani lazima ikae mbele kidogo ya katikati ya ekseli za nyuma. Ikirudi nyuma mno, mzigo unainua pua ya lori na tairi za usukani zinakuwa nyepesi; kwenye kona za Lukumburu, mvua ikinyesha, dereva atazungusha usukani na lori litaendelea kwenda linakotaka lenyewe. Ikisogezwa mbele mno, siku ya kukata kona kali bega la tela litabomoa kabini. Kati ya makosa hayo mawili kuna nafasi ndogo, na ndiyo aliyokuwa akiitafuta kwa uzi.

Utingo alichoka kusubiri. "Fundi, si uchomelee tu tuondoke?"

"Mdogo wangu, chesisi inatakiwa icheze," alijibu bila kutoa kichwa.

Jibu zima lilikuwa hilo, nami nililielewa kwa sababu lilikwisha kunigharimu. Pikapu yangu ya kwanza nilichomelewa ndoano ya kukokotea tela dogo, weldi nzuri, imenyooka kama mshono wa cherehani. Ilikatika kwenye mlima nikiwa na magunia tisa ya mahindi. Weldi yenyewe ilikuwa nzima. Kilichopasuka ni chuma cha pembeni yake. Chuma cha chesisi hupikwa kiwandani kwa joto la kipimo. Ukikiunguza tena, hapo ulipounguza panapoteza nguvu, na kwa kuwa chesisi hupinda na kujinyoosha safari nzima, ufa unapata pa kuanzia. Hata kutoboa kuna adabu yake: matundu yanapita ubavuni, hayagusi ukingo wa juu wala wa chini, maana huko ndiko mkazo uliko mkubwa. Marekani, ambako watu hufunga sahani ya namna hii hata katikati ya bodi ya pikapu ili wakokote nyumba zao za matembezi, kanuni haibadiliki: boliti zishike chesisi iliyo chini, si bati la bodi.

Jioni tela liliunganishwa. Fundi alipaka grisi sahani nzima, akaingia uvunguni na tochi kuona kama taya zimefumba nyuma ya pini na kama kuna mwanga unaopita kati ya sahani na tela. Haukuwepo. Akamwambia dereva afunge breki za tela, aingize gia nzito, avute kidogo. Lori liliguna, likakaa pale pale. Mwisho akachukua kikopo cha rangi nyeupe, akapiga mstari juu ya kila nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake, akamtaka dereva apitie tena akitoka safari ya kwanza.

Alhamisi lori lilirudi na makaa ya mawe kutoka Ngaka. Mistari miwili ilikuwa imeachana kwa unene wa njiti ya kiberiti. Fundi akachukua spana.