Je, Filamu Ina Sarufi? Uhakiki wa Borom Sarret kwa Ajili ya Mwanafunzi Anayeanza

Mwanafunzi wa taaluma ya mawasiliano anapoingia darasani kwa mara ya kwanza kufundishwa utengenezaji wa filamu, aghalabu hukabidhiwa orodha. Huambiwa kwamba kuna picha ya mbali, picha ya kati na picha ya karibu. Kwamba kamera yaweza kutazama kutoka juu, kutoka chini au kwa usawa wa macho. Kwamba kuna mstari usioonekana ambao ni mwiko kuuvuka. Na kwamba picha mbili zinapounganishwa sharti zifuatane bila mtazamaji kukiona kiungo. Orodha hii imezoeleka kuitwa "sarufi ya filamu". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jina hilo linapotosha, na kwamba upotofu wenyewe si wa istilahi peke yake, bali hudhuru kazi ya mwanafunzi. Kielelezo nitakachokitumia ni filamu moja fupi, Borom Sarret, iliyotengenezwa na Ousmane Sembène wa Senegal mwaka 1963. Kwa maoni yangu, dakika zake zipatazo 20 humfaa mwanafunzi anayeanza kuliko sura nyingi za vitabu vya mwongozo.

Tuanze na hilo neno sarufi, kwa kuwa sisi tulio katika idara za lugha ndio tunaopaswa kulitetea. Mwaka 1964 Mfaransa Christian Metz, aliyeitazama sinema kwa macho ya mwanaisimu, aliuliza kama sinema ina mfumo kama ule wa lugha. Jibu lake lilikuwa kwamba sinema husema, lakini haina mfumo huo. Hoja zake si ngumu kwa mtu aliyezoea kuchambua lugha. Lugha ya binadamu hujengwa kwa ngazi mbili: sauti chache zisizo na maana huungana kufanya mofimu zenye maana. Picha ya filamu haina ngazi ya chini ya namna hiyo. Ukiikata vipande, kila kipande bado kinaonyesha kitu. Tena, maneno yamo katika kamusi kabla ya msemaji kufumbua kinywa, ilhali picha haimo mahali popote mpaka mpiga picha aipige. Na picha ya karibu ya kisu hailingani na neno "kisu". Inalingana, angalau, na sentensi nzima: hiki hapa kisu, kiko mezani, ni cha zamani, kina kutu. Kwa hivyo anayemwambia mwanafunzi kwamba picha ni neno na mfuatano wa picha ni sentensi anampa mlinganisho usiosimama.

Yamkini mtu atasema kwamba huu ni ubishi wa wanaisimu, na kwamba mwanafunzi anahitaji kanuni tu ili afanye kazi. Na tuitazame basi kanuni moja, ile ya mstari. Chukua wazee wawili wanaocheza bao, wameketi wakitazamana. Chora mstari wa kufikirika kutoka kwa mmoja hadi kwa mwenzake. Kamera ikibaki upande mmoja wa mstari huo, mzee wa kushoto atatazama kulia katika kila picha, na wa kulia atatazama kushoto, nasi tutajua kwamba wanatazamana. Kamera ikiruka upande wa pili kumpiga mmoja wao, wote wawili wataonekana wanatazama upande mmoja, kama abiria wa basi. Hiyo ndiyo sababu ya kanuni, nayo ni sababu ya macho, wala si ya sarufi. Mwenye kuijua sababu anaweza kuikiuka kanuni akitaka. Yasujirō Ozu wa Japani aliuvuka mstari huo mara kwa mara, hata katika Tokyo Story ya mwaka 1953, na hakuna mtazamaji aliyepotea. Lakini msemaji wa Kiswahili hawezi kuamua kwamba leo "watoto anacheza" kisha akasifiwa kwa ubunifu. Sarufi humfunga msemaji kwa namna ambayo kanuni ya kamera haimfungi mpiga picha.

Kuna somo jingine la kwanza ambalo halikosekani darasani, nalo ni jaribio la Lev Kuleshov, aliyefundisha katika chuo cha sinema kilichoanzishwa Moscow mwaka 1919, wakati filamu mbichi ilikuwa adimu na wanafunzi walilazimika kujifunza kwa kuunganisha upya vipande vya zamani. Jinsi mwanafunzi wake Pudovkin alivyolisimulia, uso uleule mtulivu wa mwigizaji Mozzhukhin uliunganishwa na sahani ya supu, kisha na maiti katika jeneza, kisha na mtoto anayecheza. Na watazamaji walisifu jinsi mwigizaji alivyobadilika kutoka njaa hadi huzuni hadi furaha. Hapa mwanaisimu atatabasamu, kwa sababu anamfahamu jamaa huyu: ni muktadha. Hata hivyo somo linalotolewa darasani kwa kawaida ni kwamba uhariri una nguvu. Somo lililo kubwa zaidi husahauliwa, nalo ni kwamba mtazamaji ndiye aliyetia njaa katika uso ule, na aliitia kwa sababu yeye mwenyewe anaijua njaa.

Sembène aliingia katika elimu hii akiwa na umri wa karibu miaka 40. Alizaliwa Ziguinchor mwaka 1923, akawa kuli wa bandarini Marseille, akaandika riwaya kwa Kifaransa, miongoni mwazo Les bouts de bois de Dieu ya mwaka 1960 kuhusu mgomo wa wafanyakazi wa reli. Alipotambua kwamba wengi wa wale aliowaandika hawawezi kumsoma, alikwenda Moscow kujifunza filamu katika studio ya Gorky chini ya Mark Donskoi. Mtu mzima huyo, aliyekwisha kutunga vitabu, alikubali kurudi kuwa mwanafunzi; na filamu aliyoitengeneza baada ya kurudi ina alama zote za mwanafunzi aliyeuliza kila mbinu ina kazi gani.

Kisa chenyewe ni cha siku moja. Mwenye gari la farasi, ambaye hapewi jina, anaswali alfajiri, anaagana na mkewe, anatoka kutafuta riziki katika mitaa ya watu maskini ya Dakar. Anawapakia watu waliozoea kupanda bure. Anampeleka mwanamke mjamzito hospitali. Ombaomba kilema anamwomba, naye anampuuza. Lakini mwimbaji wa sifa za ukoo anapomsimulia utukufu wa mababu zake, anampa pesa zote za asubuhi hiyo. Anambeba baba mwenye maiti ya mtoto mchanga mpaka makaburini, ambako baba huyo anazuiwa kwa kuwa karatasi zake hazikukamilika. Mwishowe mtu aliyevaa suti anamshawishi ampeleke Plateau, mtaa wa wenye nacho, ambako magari ya farasi hayaruhusiwi. Polisi anamsimamisha. Nishani yake ya vita inaanguka chini na polisi anaikanyaga. Gari linachukuliwa, abiria anatoweka bila kulipa, na mwenye gari anarudi nyumbani na farasi tu. (Kwa faida ya wapenda leksia: borom ni mwenye, na sarret ni charrette ya Kifaransa iliyokwisha kuvishwa nguo za Kiwolof. Jina la filamu ni nomino ya kukopwa ndani ya muundo wa wenyeji, sawasawa na "mwenye baiskeli" wetu.)

Sasa mwanafunzi na aitazame nishani. Orodha yake inamwambia kwamba picha ya karibu hutumika kukionyesha kitu kwa undani. Ni kweli, lakini haitoshi. Kabla ya hapo tumemwona mtu huyu zaidi akiwa mwili mzima, juu ya gari lake, pamoja na farasi na barabara. Yaani tumemwona akiwa na mahali pake duniani. Kiatu kinaposhuka juu ya nishani, dunia yote hiyo inafutwa, tunabaki na ngozi ya kiatu na kipande cha chuma. Picha hii ya karibu haitupi habari mpya juu ya nishani. Kazi yake ni kumnyang'anya mtu nafasi, na inafanya hivyo sekunde chache kabla ya gari lenyewe kunyang'anywa. Mbinu imetangulia tukio. Mwanafunzi akielewa hivyo hatahitaji kuambiwa ni mara ngapi picha ya karibu itumike.

Vivyo hivyo mpangilio wa abiria. Mtu angeweza kulaumu kwamba filamu haina msuko, kwa maana abiria wa kwanza hahusiani na wa pili. Lakini kiungo ni gari. Mwanamke anayekwenda kuzaa hufuatwa na baba anayekwenda kuzika, na gari ni lile lile, na farasi hajui tofauti. Hapa Sembène analifanya jaribio la Kuleshov mitaani Dakar, ila mahali pa uso wa mwigizaji ameweka mgongo wa mtu anayefanya kazi. Na muziki unapobadilika, ala za kienyeji katika mitaa ya chini zikitoa nafasi kwa muziki wa Kizungu mara gari linapopanda Plateau, mpaka wa mji umechorwa bila bango wala maelezo.

Nimeisifu filamu hii kiasi cha kutosha; sina budi kuitaja kasoro yake, na kwa mwanafunzi kasoro hiyo ina mafunzo kuliko sifa. Sauti haikurekodiwa pamoja na picha. Maneno yaliingizwa baadaye, na mengi yake ni mawazo ya mwenye gari akijisemea moyoni. Ukosefu wa vifaa umegeuzwa kuwa ufundi, wala hakuna anayeweza kuukataa ustadi huo: mtu asiye na haki ya kusema mbele ya polisi anasema nasi tu. Lakini anasema nasi kwa Kifaransa. Mtu aliyeswali kwa desturi za kwao, anayeishi mtaani ambako Kiwolof ndicho kinachosikika, anawaza kwa lugha ya karatasi zile zile zilizomzuia baba asimzike mwanawe. Kasoro hii inarudi katika La Noire de... ya mwaka 1966, ambamo mtumishi wa nyumbani aliyekwama Ufaransa anasikika akiwaza kwa Kifaransa safi. Ni katika Mandabi ya mwaka 1968 tu, iliyopigwa kwa matoleo mawili, moja la Kifaransa na jingine la Kiwolof, ndipo mtazamaji wa Senegal alipowasikia wahusika wa Sembène wakisema kama wanavyosema watu wa Dakar. Ilimchukua bwana huyu miaka mitano kutoka filamu ya gari hadi hapo, naye ndiye aliyeiacha riwaya kwa ajili ya lugha!

Kwa nini ilimchukua muda huo? Zipo sababu za fedha, kwani msaada kutoka Ufaransa ulikuja na masharti. Lakini nashuku pia kwamba katika mafunzo ya kwanza ya filamu, popote yatolewapo, lugha huja mwisho. Kamera huja kwanza, kisha taa, kisha uhariri, kisha sauti kama jambo la kiufundi: kipaza sauti kiwekwe wapi, upepo uzuiwe vipi. Lugha gani itasemwa, na nani, kwa nani, kwa heshima ipi, hayo huachiwa bahati.

Niliwahi kuonyeshwa zoezi la mwanafunzi mmoja wa humu nchini. Alikwenda pwani na simu yake, kifaa ambacho kwa ubora wa picha kingewatia wivu mabwana wa Moscow wa mwaka 1919, akamhoji mzee fundi wa mashua. Picha zilikuwa sahihi kwa orodha yote: ya mbali ya ufuo, ya kati ya mzee, ya karibu ya mikono na tezo. Mstari haukuvukwa. Lakini kulikuwa na jambo lililonikera, nami sikulitambua mpaka nilipoitazama mara ya pili. Mzee alionekana mkali. Alianza kujibu ghafla, kama mtu aliyeudhiwa. Nilipouliza, nikaambiwa kwamba maamkizi yalikuwa marefu, ya karibu dakika mbili: shikamoo na marahaba, hali za nyumbani, hali za watoto, hali ya bahari; na kwa kuwa kanuni ya uhariri ni kuondoa kisichobeba habari, yote yaliondolewa.

Kwa "sarufi ya filamu" mkato huo hauna kosa. Kwa adabu ya Kiswahili, mzee wa watu amefanywa mtu asiyejua kuamkia wala kuitikia, mbele ya kila atakayeitazama kazi hiyo, wajukuu zake wakiwamo. Nilimshauri mwanafunzi arudishe angalau nusu ya maamkizi. Alinijibu, kwa heshima zote, kwamba zoezi lilipaswa kuwa la dakika tatu na kwamba angekatwa alama. Hilo nalo lilikuwa kweli. Tulikaa tukakata mikono na tezo badala yake, zikabaki sekunde chache tu za chuma kikipita juu ya mbao, na "marahaba" ya mzee ikarudi mahali pake pa kwanza.