Kamera na Maisha ya Kila Siku

Mwaka 1982 Marleen Gorris wa Uholanzi alitoa filamu yake ya kwanza, "De stilte rond Christine M." Christine ni mama wa nyumbani aliyeacha kabisa kusema. Si bubu, amechoka kuzungumza na watu wasiomsikia. Yeye na wanawake wawili wasiojuana naye, mhudumu wa mgahawa na katibu wa ofisi, wanamuua mwenye duka la nguo. Daktari wa akili, mwanamke vilevile, anatakiwa aieleze mahakama kama wana wazimu. Kadiri anavyowasikiliza, ndivyo ndoa yake mwenyewe inavyoanza kumbana. Gorris hakumwandikia Christine hotuba ya kujitetea. Aliuacha ukimya wake ufanye kazi, na huo ni ufundi mkubwa.

Bukavu, mji wa mashariki ya Kongo, ni mahali pazuri pa kuupima ufundi huo. Tangu Hospitali ya Panzi, inayowatibu wanawake waliobakwa vitani, ifunguliwe mwaka 1999, kamera za kigeni zimepanda na kushuka vilima vya mji huu. Wengi hufika, humwuliza mwanamke swali moja tu, yaani alifanyiwa nini, kisha hupanda ndege. Mtazamaji wa mbali hubaki na jeraha. Mwenye jeraha hamjui.

Mapacha wa Kiholanzi, Ilse na Femke van Velzen, walishika njia nyingine. Katika "Fighting the Silence" ya mwaka 2007, wanawake wa mashariki ya Kongo waliobakwa wanasimulia wenyewe, na waume pia wanakaa mbele ya kamera. Hapo ndipo filamu inapopata uzito. Mwanamume anapojaribu kueleza nini kiliipata ndoa yake, mtazamaji anaona kwamba vita havikuishia porini. Vimeingia hadi chumbani na kwenye sahani ya chakula. Katika "Weapon of War" ya mwaka 2009 walikwenda upande wa pili, kwa waliotenda, wakimfuata Kapteni Basima, mchungaji wa jeshi anayewakabili askari kwa matendo yao.

Kisha wakazirudisha filamu kwa wenyewe, kwa sinema ya kuhamahama: pazia, projekta, jenereta, na baada ya picha watu wanajadiliana. Bukavu ina historia na sinema za namna hiyo. Enzi za Wabelgiji, Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walikuwa na kituo chao hapa, Africa Films, kilichotengeneza picha za kuwafunza Waafrika adabu na dini. Watazamaji wa wakati ule waliambiwa. Hawa wa sasa waliulizwa, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya mitambo.

Mwamerika Madeleine Gavin naye alikaa na wanawake wa City of Joy, kituo cha manusura wa ubakaji kilichofunguliwa Bukavu mwaka 2011, ambako wanawake huishi miezi sita. Filamu yake, yenye jina la kituo hicho, iliingia Netflix mwaka 2018. Kilicho bora ndani yake ni wanawake wakicheza, wakijifunza haki zao, wakicheka pamoja. Christine wa Gorris alichoka na nyumba iliyomfunga. Wanawake hawa walifukuzwa kwenye zao kwa bunduki, na wengi wanatamani maisha ya nyumbani yaliyomchosha yeye: mlango wao, mtoto anayekwenda shule. Kumwonyesha mwanamke wa mashariki ya Kongo akicheka bila kulificha lililompata ni kazi ngumu kuliko kumwonyesha akilia, na ni wachache wanaoiweza.

Swali la nani ashike kamera halijaisha. Joris Postema, Mholanzi mwingine, alipotengeneza "Stop Filming Us" huko Goma, mji mwingine wa mashariki ya Kongo, filamu iliyotoka mwaka 2020, wasanii wa Kikongo walimhoji kwa nini yuko pale. Mwaka 2022 Bernadette Vivuya na Kagoma Ya Twahirwa wakajibu kwa filamu yao, "Stop Filming Us but Listen".

Vijana wa Ibanda, Kadutu na Bagira, mitaa ya Bukavu, wenye simu mfukoni wasingoje kuonyeshwa. Waanze na mama anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, sokoni. Wakae naye kutwa nzima, wamwache apange bei, agombane na wateja, anyamaze anapotaka, na picha ikikamilika wamwonyeshe yeye kwanza.